Kufuli la Tarakimu Sita

Baba alifunga mlango wa nondo za chuma kwa kufuli jipya la namba asubuhi ileile niliyotakiwa kuripoti kazini kabla ya saa sita. Kazi ni ya maabara, kupima maji mtamboni. Nimeisubiri miaka minne, tangu nirudi nyumbani kumwangalia yeye, na barua ilisema wazi kwamba nikichelewa anapewa mwingine.

Nikamwomba namba. Akaketi, akakunja nne, akasema mtoto wa mwalimu wa hesabu haombi jibu, anaomba sifa za jibu. Yeye amestaafu ualimu, lakini sisi wa nyumbani hajatustaafisha. Nikameza hasira. Madirisha yana nondo na mlango ni huo mmoja, nikachukua karatasi.

Ina tarakimu sita, akasema, na ukiisoma kutoka nyuma ni ileile. Hapo akanisimamisha anionjeshe uhondo: kila namba ya namna hiyo inagawanyika kwa kumi na moja, bila kukosa. Nikajaribu namba tatu, ikawa kweli, na naona aibu kusema kwamba nilifurahi. Halafu akasema inagawanyika kwa tisa. Halafu, ni witiri. Nikakokotoa na kufuta, kufuta na kukokotoa, zikabaki hamsini na sita. Nikasimama mlangoni kuzungusha vigurudumu vya kufuli, nikizijaribu moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipogoma ilikuwa saa nne na robo, na blauzi yangu ya kazi imelowa jasho.

Nikarudi kwake, nikamwomba aongeze sifa moja tu. Alifikiri muda mrefu.

"Inagawanyika kwa sita."

Nikaweka kalamu chini. Namba inayogawanyika kwa sita lazima igawanyike kwa mbili, haiwezi kuwa witiri. Hilo alinifundisha mwenyewe kabla sijang'oka meno ya utoto. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa akiikodolea macho karatasi yangu kama mwanafunzi anayeibia mtihani, na hapo nikaelewa kwamba naye alikuwa anaisubiri hiyo namba kutoka kwangu. Wiki iliyopita muuza magazeti alimrudisha akiwa amepotea mitaa miwili kutoka hapa, tukalifanya mzaha siku nzima.

"Umeisahau, Baba?"

"Nilidhani ukianza wewe, mama, itanijia." Akainamisha kichwa. "Usimwambie shangazi yako."

Nilitamani kulia, na nilitamani kumpigia kelele, vyote kwa pamoja. Nikamwita fundi welda wa jirani kupitia dirishani. Alilikata kufuli kwa dakika tatu, akauliza kama tunataka lingine, maana analo la ufunguo kwenye boksi lake. Nikamtazama Baba, nikatazama saa. Ilikuwa saa tano. Shangazi, ambaye angeweza kukaa naye, asingefika kabla ya saa nane, na barabara iko hatua kumi kutoka mlangoni.

Nikamwambia fundi alilete.

Nilitoka, nikalifunga kwa nje mimi mwenyewe. Baba akapitisha vidole katikati ya nondo, akalipapasa huku na huku.

"Hili namba yake ina sifa gani?"

"Halina namba, Baba. Lina ufunguo, ninao mimi."

Akaliachia taratibu.

"Basi mimi sina cha kukokotoa," akasema.