Nuru ya Vigae

Nani alivipasha moto vile vigae, Baba Leah? nimeuliza, naye anakoroga chai, anakoroga nini sasa, sukari tuliiona mwisho Pasaka, na barua ya maabara ya Ulaya iko mezani katikati yetu, inasema vigae vyangu vya kilima cha Sepuka, vilivyolala chini ya tanuri za wahunzi wa kale, vimechomwa juzi tu… juzi!… chungu kikichomwa hutema nuru yake yote, kikifukiwa huanza kuihodhi upya, chembe kwa chembe, kutokana na mnururisho, ile mionzi ya ardhi, ndiyo saa yake, ukikipasha tena saa inarudi sifuri, nilimweleza mara ngapi, "Chai inapoa, Mama Leah," ipoe, Mwenyekiti Mughwai alisema leteni umri wa hivyo vyungu, kwa maandishi, nitaligeuza trekta, la sivyo Jumatatu kilima kinalimwa, shamba la kijiji halingoji wafu, na leo Jumamosi, na mimi na digrii yangu ya Mlimani juzi nikasimama mkutanoni nikamnyooshea kidole bibi Klara mfinyanzi, kwamba alituchanganyia vigae vyake vipya apate sifa, mwanamke aliyenilaza kwake miezi miwili, akanitazama, "Mwanangu, kigae changu nakijua kama jino langu, hicho si changu," watu wakacheka, mmoja akasema kumbe na bibi ana digrii, na huyu mume wangu alikaa kando yangu, mkono begani kwangu, akitikisa kichwa kwa masikitiko, masikitiko ya nani… kwenye fomu ya maabara aliandika kwa mwandiko wake mzuri "havikupata moto," akatia sahihi, yeye ndiye aliyevibeba kwa baiskeli hadi stesheni ya Manyoni, wiki ya ile mvua, akarudi amechelewa siku mbili, pancha, akasema, pancha siku mbili, nami nikamkanda mgongo… si vigae vinavyoniuma, vigae ni udongo, ni ule mkono begani, ulikuwa mzito, ulikuwa unanikalisha chini, nikadhani ni mapenzi… kijiko kimesimama. "Vililoa njiani, pale Issuna," anasema, anaongea na kikombe, "na fomu ilitaka vikavu. Nikaviweka juu ya bati, nikakoleza kuni mpaka bati likawa jekundu, nikasema kilichokwisha kupikwa hakiungui. Na siku ile, ulipomtaja bibi Klara, nilikuwa najua."