Nguzo ya Kati

Mgeni aliingia gereji bila salamu. Hapa Makadara hata anayekuja kugomba husalimu kwanza, kwa hiyo sote tuligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi la makuli wa bandari ya Kilindini. Mkono wa kulia alishika nyundo, wa kushoto kipande cha chuma.

"Gharib n'nani hapa?"

Fundi Gharib alitoka chini ya gari akijifuta mikono. "Salamu kwanza, ndugu yangu. Nyundo tunazo, usingejisumbua."

Abdulbasit, fundi wetu wa rangi, akacheka. Mgeni akakitupa kile chuma miguuni pa Gharib.

Niliinama nikakitazama. Ilikuwa nguzo ya kati ya gari, ile inayosimama baina ya mlango wa mbele na wa nyuma, imekunjika kama kadibodi. Rangi ilikuwa imebanduka, na chuma chenyewe kilikuwa na madoa ya buluu. Ni alama ya chuma kilichopashwa moto.

"Mimi Karisa," akasema. "Loise alikuwa mke wangu. Tumemzika Jumamosi."

Nilimkumbuka Loise. Miezi mitatu nyuma alileta gari lake likiwa limebonyea ubavuni, na siku ya kulichukua alituletea mabuyu. Kazi yangu, tangu nimalize chuo, ni kutafuta maelekezo ya watengenezaji wa magari na kuyachapisha. Ya gari lile yalikuwa wazi: nguzo hii isipashwe moto, kwani chuma chake hudhoofika, isinyooshwe, ikatwe na iwekwe mpya. Gharib aliipasha kwa gesi akainyoosha, ikanyooka hata jicho lisijue. Karatasi zangu alizibandika kwenye vioo ili rangi isivirukie. Nami nikanyamaza.

"Lori lilimgonga ubavuni, wala halikuwa mbioni," Karisa akasema. "Mlango ulimwingia kifuani."

"Ndugu yangu, ajali ni kudra ya..."

Nyundo ilimkatiza. Ilimpiga Gharib begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Abdulbasit alimrukia mgeni na bomba la chuma. Karisa akamgeukia na kumvunja mkono kwa pigo moja. Pigo lililofuata lilimwaga kioo cha pikapu sakafuni. Gharib alikuwa chini, anatambaa juu ya vigae vya kioo, damu ikimtoka viganjani. Karisa akainua nyundo juu ya kichwa chake.

Nilijitupa kati yao. "Kuna jingine!"

"Jingine nini?"

Nilimwonyesha gari la rangi ya fedha lililokuwa pembeni, aina ileile ya la Loise. "Nguzo yake imepashwa moto juzi. Ni la Mwalimu Mwanakuu, hulitumia kubebea watoto wa madrasa kule Mji wa Kale. Atalichukua leo alasiri. Muache huyu. Nakuahidi, gari lile halitatoka hapa na nguzo ile."

"Na wewe n'nani?"

"Mirriam. Mimi ndiye ninayechapisha maelekezo."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Alinizaba kofi lililoniangusha. Kisha nyundo ikamtoka mkononi, akabaki amesimama.

Wakati huo watu wa barabarani walikuwa wameshaingia, wakipiga kelele za mwizi. Walimpiga kwa mawe, kwa fito, kwa spana zetu wenyewe. Nilipayuka kwamba si mwizi, hakuna aliyesikia. Askari walipomtoa, jicho moja lilikuwa limefumba na meno yake mawili yalibaki sakafuni. Aliponipita alinitazama kwa lile jingine.

"Alasiri," akasema.

Gharib na Abdulbasit walirudi kutoka hospitali saa tisa, Gharib mkono umefungwa shingoni.

"Mwanangu, bandua zile karatasi viooni ulipanguze gari. Mwalimu yuaja."

"Fundi, hatuwezi kumpa."

"N'nani alokupa kazi, gereji zote zilipokucheka kuwa mwanamke hajui kazi ya bodi za magari?"

"Ni wewe, Fundi."

Na ilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kupapasa bati kwa kiganja na kuhisi bonyeo lisiloonekana. Nilimpenda kama baba. Nilichukua grenda ya kukatia chuma, nikafungua mlango wa gari, nikashika nguzo.

Gharib akaubamiza mlango kwa mkono wake mzima. Vidole vyangu viwili vilikuwa ndani.

Sikujua naweza kulia vile. Niliufungua kwa mkono wa kulia; vidole vilitoka vimebapa, kucha hazipo.

"Huna kazi hapa!" akapiga kelele, naye analia. "Na hakuna gereji kisiwani itakayokuchukua, wallahi!"

Niliishika grenda kwa mkono wa kulia, nikaiegemeza kwenye kiganja cha ule ulioumia, nikaiwasha. Cheche zikamrudisha nyuma.

"Abdulbasit! Chomoa waya!"

Abdulbasit alikuwa kando ya soketi, mkono wake umefungwa kifuani. Alitazama waya. Akatazama kile chuma cha Loise, ambacho hakuna aliyekiokota. Hakusogea.

Adhana ya alasiri ilianza nikiwa nakata juu, ikaisha nikiwa nakata chini. Nguzo ikaanguka kwenye sementi, ndani yake buluu. Nilipozima grenda, Mwalimu Mwanakuu alikuwa amesimama langoni na ufunguo wake mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Samahani. Gari halijawa tayari."