Koti Jeusi la Mwalimu

Siku ya tatu ya kazi, mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alinikalia kooni. "Fundi, nyumba ya jirani imepakwa rangi kwa siku moja. Wewe hata kopo hujafungua."

Mimi na wifi yangu tulikuwa tumekwangua kuta za nje kwa brashi ya waya, tumesugua ukungu kwa maji ya sabuni, tumesuuza kuanzia juu, tumeziba nyufa. Rangi ikizeeka huacha unga. Ukipaka juu yake, rangi mpya inashika unga, haishiki ukuta. Mafundi wa siku moja hawataki kulisikia hilo.

Siku ya nne, kuta zilipokauka, nikamwambia, "Mwalimu, kavae lile koti lako jeusi, uje uegemee hapa."

"Koti langu la harusi? Unanitania."

"Likichafuka, nafunga virago leo hii."

Wifi akanifinya mkono. Mwalimu akavaa, akaegemea, akageuka. Mgongo mweusi tii, bila hata chembe ya unga.

Lakini mwalimu ni mwalimu tu. Akazunguka nyuma ya nyumba, akajibana kati ya tangi la maji na ukuta, mahali ambapo hata paka anapita kwa shida. Tukasikia koti likisugua ukuta. Akarudi, akalivua, akaligeuza geuza juani kama anayesahihisha mtihani.

"Hata kule?" akauliza.

"Hata kule," nikasema, nikafungua kopo la kwanza.