Sema Tena

"Nne," alisema Zenovia.

"Sema tena," sauti ikamjibu masikioni.

"Nne."

"Sema tena."

Alikuwa amesimama mstari wa kumi na saba, mbele ya rafu ya mafuta ya alizeti, na katoni nne zilikuwa tayari juu ya paleti yake. Hata mtu ambaye bado ana divai ya Pasaka kichwani angeona kuwa ni nne. Lakini katika ghala lile kazi haikuishia mikononi, iliishia mdomoni. Sauti ilikutajia rafu na kukuambia uchukue ngapi. Ulichukua, ukataja idadi kwenye kipaza sauti kidogo kilichokaa mbele ya midomo yako, na mpaka ikusikie haikukutajia rafu nyingine. Ulibaki umesimama pale kama ng'ombe mbele ya lango lililofungwa.

Zenovia alikaza tumbo jinsi alivyofundishwa zamani kwenye kwaya, akalisukuma neno kwa nguvu zake zote. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa karatasi inayokunjwa.

"Sema tena."

"Bwana Yesu, nihurumie," alinong'ona.

"Sema tena."

Ilikuwa Jumanne baada ya Pasaka. Kutoka ng'ambo ya barabara kuu kengele za kanisa zilisikika zikilia bila mpangilio, kwa kuwa wiki hiyo mnara huachwa wazi na yeyote apendaye hupanda kuvuta kamba. Huko nje, madereva wa malori walisalimiana kwa sauti kubwa, "Kristo amefufuka!" "Kweli amefufuka!", kama watu wote wa bonde la mto Siret, huko Romania, walivyosalimiana tangu usiku wa mkesha, na watakavyosalimiana mpaka Sikukuu ya Kupaa. Ni ndani ya ghala tu, kati ya rafu, ambako salamu hiyo ilikuwa imekatazwa asubuhi ile.

Aliyeikataza aliitwa Horia, mtu mwembamba mwenye viatu safi, aliyetumwa kutoka Bucharest kuleta mfumo mpya. Alisimama mbele ya wafanyakazi kabla ya zamu kuanza, na pembeni yake alikuwepo Codrin, msimamizi wa zamu, ambaye Zenovia alimjua tangu akiwa mtoto, alipokuwa akipanda ukuta wa bustani ya Zenovia kuiba plamu.

"Hili ni toleo jipya kabisa," alisema Horia. "Mnakumbuka zamani mlivyokuwa mnakaa chumbani kuufundisha mfumo sauti zenu, namba moja moja? Hiyo imekwisha. Huu haufundishwi. Unamwelewa kila mtu."

"Hata Tincuța akiwa na pipi mdomoni?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Hata yeye na pipi yake. Ila kuna jambo moja. Sasa unasikia vizuri, kwa hiyo unasikia kila kitu. Neno lolote lisilo la kazi linahesabiwa kuwa muda uliopotea, na bonasi inakatwa. Kwa hiyo, mama zangu, salamu za sikukuu tuziache nje. Mkifika kwenye basi salimianeni mpaka mchoke."

"Na mtu akiniambia Kristo amefufuka?" Tincuța alishika kiuno. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, jirani wa Zenovia kijijini na mwenzake wa mstari wa kumi na nane. "Ninyamaze? Siku ya hukumu nikamweleze Mungu kwamba nilikuwa nahesabu mtindi?"

Watu walicheka. Horia naye alicheka, lakini hakuondoa neno lake.

Zenovia alinyoosha mkono. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, sauti yake haikurudi. Mshipa uliguswa, daktari alisema, mambo hayo hutokea. "Na kama haunielewi?" aliuliza.

Horia aliinama kumsikiliza. Ilibidi Tincuța arudie swali kwa sauti.

"Unamwelewa kila mtu, mama," alisema Horia.

Walipotawanyika, Codrin alimvuta pembeni. "Shangazi, nakuambia mapema ili usishtuke. Leo ni siku ya majaribio. Ambaye mfumo haumkubali mpaka mwisho wa zamu, kuanzia kesho anapelekwa ukumbi wa kuchambua chupa tupu."

"Kazi ya chupa ni ya usiku, Codrin."

"Najua."

"Unajua na mama yangu alivyo."

"Najua, shangazi. Jitahidi."

Mama yake Zenovia alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili sasa. Mchana mke wa shemasi alipita kumtazama, kwa mapenzi tu. Usiku hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza ubavu, na asipogeuzwa ngozi yake ilifunguka vidonda. Kwa Zenovia, kupelekwa kwenye chupa na kuachishwa kazi vilikuwa kitu kimoja.

Hakuwa na chuki na ile sauti. Hedifoni zilipoletwa mara ya kwanza, wanawake waliipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanamke wa mjini, haikuridhika na lolote, na kila ulichosema ilikurudisha ukiseme upya. Wakati ule ilikuwa haielewi lafudhi ya bondeni hata kidogo. Walijifunza kutamka namba kama wasomaji wa habari wa televisheni, na waume zao wakawacheka mezani. Ukipiga chafya, Mama Mkwe aliichukua kuwa jibu. Mume wa Tincuța aliapa kwamba mkewe husema "tayari" usingizini, kisha hugeuka ukutani kusubiri rafu nyingine. Lakini mwaka hata mwaka Mama Mkwe aliongezeka akili. Aliacha kudhani mlio wa foklifti ni mtu anayesema. Aliizoea lafudhi yao. Na Zenovia aliporudi kutoka hospitali na ile sauti iliyobaki, Codrin alikaa naye katika chumba kidogo cha kuchajia hedifoni, jioni baada ya jioni, Zenovia akisoma namba na kurudia, mpaka Mama Mkwe akajifunza hata ugonjwa wake. Siku mashine ilipokubali "saba" yake ya kwanza, Codrin alipiga meza kwa furaha na Zenovia akafanya ishara ya msalaba.

Kumbukumbu hiyo ya sauti yake, iliyofundishwa kwa machozi, ilifutwa wakati wa sikukuu pamoja na toleo la zamani.

"Bado uko kwenye mafuta tu?" Tincuța alichungulia kutoka mwisho wa mstari. Alifunika kipaza sauti chake kwa kiganja. "Shoga, nimeshajaza paleti mbili mimi."

Zenovia alionyesha masikio, akainua mabega.

Tincuța alitazama huku na huku. Kisha alikuja, akaweka mdomo wake karibu na kipaza sauti cha mwenzake, akasema, "Nne."

"Mstari wa kumi na saba, nafasi ya thelathini na mbili," alisema Mama Mkwe papo hapo, kwa upole kabisa.

Walitazamana, Zenovia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakaenda hivyo, wawili kwa paleti moja, kisha wawili kwa paleti ya pili. Zenovia alibeba, Tincuța alisema. Sukari, unga wa mahindi, mitungi ya haradali. Tincuța alikuwa akifunika chake, akisema kwenye cha mwenzake, akikimbilia mstari wake kuchukua kreti moja, akirudi akihema.

"Ukiniona nimekonda, umwambie mume wangu ni wewe," alisema.

Hawakufika mbali. Mama Mkwe wa zamani asingetambua. Huyu mpya alikuwa ameongezeka akili kweli. "Sauti ya mtu mwingine," alisema masikioni mwa Zenovia. "Mwite msimamizi."

Codrin alikuja na tableti yake. Hakugomba. Aliwaonyesha tu kioo: jina la Zenovia lilikuwa jekundu, na chini yake jina la Tincuța, jekundu pia. "Dada Tincuța, bonasi yako ya wiki imeondoka. Ukirudia, mnakwenda kwenye chupa wote wawili. Siandiki mimi, inajiandika yenyewe."

"Basi ijiandike," alisema Tincuța.

Zenovia alimshika mkono, akamgeuza kwa nguvu kuelekea mstari wake. Tincuța alikuwa na watoto watatu na mkopo wa boila ya kupasha nyumba joto. Alikwenda nyuma nyuma, akimtazama.

Wakati wa chakula hedifoni zilivuliwa, na kwenye meza za kantini salamu iliyozuiwa asubuhi nzima ilipasuka kama maji. Watu waligonganisha mayai ya Pasaka yaliyotiwa rangi nyekundu, mmoja akisema amefufuka, mwingine akijibu kweli. Zenovia alikunywa chai ya maua yenye asali, moto kadiri koo lilivyoweza kuvumilia. Horia alikuja na kompyuta yake, akaketi mbele yake bila kiburi.

"Hebu tujaribu pamoja, mama."

Alijaribu. Moja, mbili, tatu. Polepole, kisha haraka. Kipaza sauti juu, kipaza sauti chini. Horia alivaa hedifoni ileile mwenyewe, akasema "nne" kama mtu anayeagiza kahawa, na ikakubaliwa.

"Kifaa ni kizima," alisema.

"Najua kisicho kizima ni kipi," alinong'ona Zenovia. "Hakuna namna ya kukifundisha? Mimi nitakaa hata baada ya zamu. Nilishafanya hivyo."

"Ilikuwepo." Horia alisugua macho. "Tuliiondoa. Takwimu zilionyesha kwamba karibu hakuna mtu anayeihitaji."

"Karibu hakuna," alirudia Zenovia. "Huyo ndiye mimi."

Horia aliisogeza kompyuta kando. Alitoa simu, akamrekodi akihesabu. "Nitawapelekea mafundi. Nakuahidi. Mfumo unazidi kuwa bora kila toleo. Toleo la Oktoba, huenda..."

"Mwanangu, mama yangu anahitaji kugeuzwa usiku. Siyo Oktoba."

Tincuța, aliyekuwa akisikiliza, alimsukumia Horia yai jekundu mezani. "Kula, bwana mkubwa. Na wewe umefunga siku zote hizo, sura inaonyesha." Horia alilichukua, akaona haya.

Mchana ulipita hivyo. Zenovia aliomba huku akisukuma paleti, sala fupi ileile, moyoni, maana ya mdomoni ilihesabiwa muda uliopotea. Mara chache namba ilipita, na kila ilipopita alitumaini kwamba mlango umefunguka. Kisha ulifungwa tena. Kufikia mwisho wa zamu hakutoa tena zaidi ya mnong'ono, na koo lake lilikuwa na ladha ya chuma.

Wafanyakazi walipanga foleni mbele ya kulabu za kuchajia, kila mmoja bado amevaa hedifoni, kwa sababu hata kuondoka kulihitaji neno. Horia alikuwa ameketi kando na kompyuta yake. Codrin alimngoja Zenovia akiwa ameikumbatia tableti kifuani.

"Shangazi. Imeshakuhamisha. Sikubonyeza kitu."

"Chupa?"

"Chupa. Kuanzia kesho usiku."

"Nani atamgeuza mama, Codrin?"

Codrin alitazama sakafu. "Funga zamu yako," alisema taratibu. "Basi limeshawasha injini."

"Umemaliza zamu?" aliuliza Mama Mkwe. "Jibu ndiyo."

"Ndiyo," alisema Zenovia.

"Sema tena."

"Ndiyo."

"Sema tena."

Foleni ilisimama nyuma yake. Honi ya basi ililia mara moja, na hakuna aliyemharakisha. Zenovia alisimama akishika kipaza sauti kwa vidole viwili. Ilimjia kwamba hakuingoja tena mashine hii imsikie. Alilotaka ni kuwaaga wenzake, na wiki hii watu wa kwao hawaagani kwa neno lingine ila moja. Aligeuka akawaelekea.

"Kristo amefufuka," alisema.

Ilikuwa pumzi tu, lakini foleni yote ilimwona anasema nini.

"Kweli amefufuka!" alijibu Tincuța kwa sauti ya kuita kuku, bila kufunika kipaza sauti. Na wengine wote nyuma yake, hedifoni vichwani: "Kweli amefufuka!"

Katika masikio yao wote, kwa wakati mmoja, Mama Mkwe alisema, "Sema tena."

Kisha mtu mmoja akaanza kucheka. Kwenye kompyuta ya Horia majina yaligeuka mekundu, moja baada ya jingine, ukurasa mzima.

Salamu ile, tangu enzi za babu zao, husemwa mara tatu.

"Kristo amefufuka," alisema Zenovia.

"Kweli amefufuka!"

"Sema tena," alisema Mama Mkwe.

"Jamani, bonasi zenu," alisema Codrin, lakini kwa udhaifu, kama mtu anayesoma maneno ya mwingine.

"Kristo amefufuka."

Safari hii Codrin naye aliitikia kabla hajajizuia, kama mtu anavyoitika akiitwa jina lake. Horia, yai likiwa bado mfukoni mwa koti, aliitikia pia, kwa midomo tu, bila sauti, na macho yake yalikuwa kwa Zenovia.

Zenovia alivua hedifoni, akaitundika kwenye kulabu yake. Zamu yake haikufungwa. Alivaa koti, Tincuța akambebea mfuko, wakaenda kwenye basi. Nyuma yao, kutoka hedifoni iliyoning'inia peke yake ukutani, sauti ndogo iliendelea kumwomba aseme tena.