Chiriku Husubiri Watu Wamalize Kula

Tangu asubuhi Odile Perrachon alikuwa ametundika kipimajoto chini ya paa la hoteli ya Mama Jorioz, na kila alipokitazama alizidi kukereka. Zebaki ilipanda. Wageni hawakunyanyuka.

Walikubaliana kwamba ikifika saa mbili asubuhi, hewa ikiwa bado baridi na nzito, helikopta iwe imeshapaa. Helikopta hukanyaga hewa kama mtu anavyokanyaga ngazi. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, na kule juu mlimani, ambako ni nyepesi tangu hapo, ngazi yenyewe huanza kubonyea. Odile alilieleza jambo hilo kwenye kikao, akalirudia garini, akalirudia tena mlangoni pa hoteli. Wote walimwitikia kwa kichwa. Kisha ikaja kahawa. Baada ya kahawa, Bwana Rochaix, mwenyekiti wa chama cha wapanda milima, akakutana na mtu aliyesoma naye, na salamu za namna hiyo haziendi bila mvinyo mweupe. Ndipo kengele ya kanisa ikalia saa sita. Na katika bonde lile, ikishalia saa sita, hata maiti husubiri kuzikwa mpaka watu wamalize kula.

Sasa walikuwa ndani wakichovya mikate katika chungu cha jibini iliyoyeyushwa, na mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Delcassan, alikuwa akiwafundisha wenzake namna ya kuzungusha uma.

Fernand Mugnier, rubani, alitoka na kipande cha mkate. Yeye alikuwa amekunywa maji tu tangu jana.

"Kula, Gramu. Ukianguka hapa nani atatupigia hesabu?"

"Sina njaa."

"Una hasira. Hasira nayo ina uzito, ujue."

Jina la Gramu alibandikwa kiwandani. Zamani walitengeneza matrekta, ambayo hayajali uzito, mpaka walipoamua kuunda Chiriku, helikopta ndogo ya injini moja ya kupeleka mizigo milimani. Injini ikiwa moja haina wa kusaidiana naye, kwa hiyo Odile alipewa kazi ya kulinda uzito. Kazi ya kugombana na kila mtu, naye ni msichana ambaye akiomba chumvi mezani hunong'ona. Wapaka rangi walitaka kupaka mara moja zaidi, kidogo tu. Wa viti walitaka ngozi badala ya kitambaa, kidogo tu. Mkurugenzi mwenyewe aliagiza vibakuli vya shaba vya majivu ya sigara, kimoja kwa kila kiti, akauliza, je, mgeni akung'ute majivu mfukoni? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa helikopta hainyanyuki. Alisema hivyo kwa sauti yake ndogo, wakacheka, wakamwita Gramu.

Leo chama cha wapanda milima kingeamua. Chiriku ilitakiwa kumbeba mwenyekiti, abiria mwingine mmoja, na mzigo wa saruji hadi kibanda cha wapandaji kilicho juu ya barafu. Pale hapana pa kutua. Ilibidi ielee papo hapo, bila kuyumba, mzigo ushushwe taratibu mlangoni. Ikishindwa, Delcassan alikwisha sema mbele ya wafanyakazi wote kwamba Chiriku itavunjwavunjwa na kila mtu arudi kwenye matrekta yake.

Odile akatazama kipimajoto tena. Akapiga hesabu kichwani, akairudia, ikakataa vilevile.

"Haitaelea," alisema.

Fernand hakubisha. Alikuwa ameruka na Chiriku tangu siku ilipokuwa mifupa mitupu isiyo na ngozi, na alijua kwamba Odile hasemi neno hilo ovyo. Aliuliza tu waanzie wapi.

Walianzia milangoni. Waliing'oa, wakailaza kwenye nyasi. Likafuata zulia, ambalo Odile hakumbuki aliyeliruhusu. Fernand akapunguza mafuta mpaka yakabaki ya kwenda, kurudi na akiba. Nyuma ya kiti Odile akakuta kasha la mvinyo na jibini nzima ya mviringo, zawadi ya mkurugenzi kwa mtunza kibanda. Akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha helikopta, akapumua, akavishusha. Kisha akachukua bisibisi na kuanza kufungua vibakuli vya majivu, kimoja kimoja, kwa furaha ambayo hakuificha.

Bado uzito ulizidi. Kilichosalia kupunguzwa kilikuwa watu.

Jirani na hoteli kulikuwa na wenye kutengeneza jibini. Walimwazima mizani yao kubwa ya kupanda juu yake, na wageni walipotoka, wakivuta suruali na kusifu keki ya Mama Jorioz, walimkuta Odile amesimama kando yake, mashavu mekundu. Aliwaomba wapande.

Ilikuwa kichekesho. Bwana Rochaix, mwembamba kama fimbo yake ya mlimani, alipanda wa kwanza na kuuliza anauzwa bei gani. Delcassan alipopanda, mkono wa mizani uligonga mwisho, na mwenye jibini akasema kwa heshima kwamba tangu babu yake hawajapata ng'ombe wa namna hiyo.

"Chakula kitashuka tukiwa njiani," alisema mkurugenzi. "Haya, twendeni. Mimi ndiye abiria wa pili."

Odile akasimama mbele yake. Kwa miezi na miezi alikuwa akinyamaza mbele ya mtu huyu na kwenda kulia stoo.

"Bwana Mkurugenzi, Chiriku itaelea," alisema. "Ila bila wewe."

Delcassan alimtazama, akaitazama milango kwenye nyasi, akaviona vibakuli vyake vya shaba vimepangwa juu ya ukuta kama sahani za paka.

"Nani basi?" aliuliza hatimaye. "Masharti ni abiria wawili."

"Panda mizani, Gramu," alisema Fernand.

Odile hakuwahi kuruka na Chiriku hata mara moja. Sikuzote alijihesabu kuwa uzito usio na kazi. Alipanda. Mkono wa mizani ukasita, ukatulia, naye akausoma mara mbili kwa sababu ndivyo alivyo.

Waliondoka. Upepo uliingia palipokuwa na milango, na bonde likadidimia chini ya viatu vyao. Karibu na barafu sauti ya mapanga yaliyokuwa yakizunguka juu yao ikabadilika, ikawa nzito, na Odile akajua kwamba hewa imekwisha kuwa haba. Kibanda kikatokea ukingoni. Fernand akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka mwamba ukasimama tuli mbele yao. Chiriku ikatetemeka. Ikashuka kidogo. Odile akavuta tumbo ndani, kana kwamba hilo lingesaidia.

Ikaelea. Mtunza kibanda akaupokea mzigo, akaufungua kwenye ndoano, akainua mkono. Ulipotoka uzito ule, Chiriku iliruka juu kwa wepesi kiasi kwamba Fernand alicheka.

Walipokuwa wanashuka, Bwana Rochaix alitoa sigara, akaiweka mdomoni bila kuiwasha, akaanza kupapasa pembeni mwa kiti.

"Tunaichukua," alipaza sauti. "Mashine nzuri sana, binti. Kitu kimoja tu kinakosekana. Majivu mtu anaweka wapi?"

Odile aligeuka, akatazama mahali palipopaswa kuwa na mlango. Hapakuwa na kitu pale ila mbingu, na milima yote ya Savoie.

"Hapo," alisema.

Mwenyekiti akapatazama pia, akafikiri.

"Kingewekwa kibakuli kidogo tu," alisema. "Cha shaba."