Nyuso Kwenye Kamba ya Nguo

Jana mchana, siku tatu kabla ya ndoa yangu, nilijinyoosha mkekani nikaota nimeitwa kwa msajili wa ndoa.

Msajili alikuwa jicho moja, kubwa kama pipa, limevaa koti na tai. Nyuma yake limening'inia pazia.

"Nilisikia macho hayana pazia," nikasema.

"Hili la kuazima. Jina?"

"Hamdani."

"Mchumba wako Zuhura yuko uani. Shika picha yake, umtafute. Ukikosea mara mbili, utamwoa uliyemchukua."

Likavuta pazia. Si ua, ni uwanja wa mpira, na nyuso arobaini zimeanikwa kwenye kamba, kila moja imebanwa sikio kwa kibanio cha nguo. Zinapepea. Kwangu zote ni maandazi.

Mimi sioni mbali. Miwani ninayo, ila nimeificha miezi minane, Zuhura asije akaniona mzee. Nikaitoa mfukoni.

"Leo ndiyo umenikumbuka," ikasema miwani, imenuna.

Nikaivaa. Sasa naona vinyweleo, chunusi, hata punje ya wali kwenye jino. Nalinganisha pua na pua, nyusi na nyusi. Nauvuta uso mmoja kwa nguvu, kibanio kinafyatuka.

"Hamdani mwanangu," uso unasema, "mimi mama mkwe wako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nirudishe kwenye kamba."

Nikaurudisha. Jicho likasema nafasi imebaki moja.

"Si unaona vizuri wewe?" nikaikaripia miwani.

"Kuonesha ni kazi yangu. Kumtambua ni kazi yako. Miezi minane, umewahi kumtazama?"

Nikakaa kwenye nyasi, jasho linanitoka. Kweli, nilikuwa nikitazama viatu vyangu, asigundue ninavyokodoa. Nikaacha habari za pua. Nikapita mbele ya nyuso nikisema, "Zuhura, mimi sioni mbali. Nilikuficha."

Thelathini na tisa zikanyamaza. Mmoja ukajizuia kucheka. Shavu la kushoto likatangulia kupanda, la kulia likafuata.

"Huyu!"

"Nilijua zamani," akasema Zuhura. "Ulimpungia mkono mbuzi ukidhani ni mimi."

Nikaamka. Simu inalia, mama mkwe.

"Mwanangu, nilikuwa nimejilaza tu hapa kibarazani. Nimeamka sikio limevimba, lina alama mbili, kama limebanwa na kitu. Sijui nini hii."

Nikamwambia aweke barafu, na anisamehe.