Gitaa Lililozeeka Kiwandani

Nyumba nzima ilikuwa inaomba gitaa lile liwe kikongwe. Mama Bosi peke yake ndiye aliyekuwa anaomba liwe kijana.

Lilipatikana ndani ya mapazia. Yeye na mama mkwe wake walikuwa na biashara ya kushona mapazia pale sebuleni, cherehani mbili zikitazamana kama wake wenza waliopatana. Siku hiyo walikwenda kununua mapazia mazito ya hoteli moja iliyokuwa inafungwa. "Kitambaa kizuri hakizeeki," mama mkwe hupenda kusema, "kinahama dirisha tu." Mlinzi wa stoo akawaambia wabebe rundo lote, kila kilichomo ni chao, wanamsaidia kufagia. Walipolifungua nyumbani, kati ya pazia la kijani na pazia la kahawia palikuwa na kitu kigumu, kimefungwa vizuri kama mtoto mwenye homa.

"Usiguse!" mama mkwe akasema. "Huenda ni maiti."

"Maiti gani ana nyuzi sita, mama?"

Lilikuwa gitaa la umeme. Katikati lilikuwa na rangi ya asali, pembeni jeusi kama mkate ulioungua kingo. Plastiki yake ya mbele ilikuwa nyeupe iliyoanza kuelekea ukijani, na vifundo vyake vilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Mama Bosi alikaa chini palepale juu ya mapazia akalipakata, na mwanawe, Bosi mwenyewe, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa, akamtazama kwa wivu wa waziwazi.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Mama Bosi alikuwa mpiga gitaa la pili katika bendi ya akina mama iliyofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Gitaa alilokuwa akipigia lilikuwa la kuazima, na mwenyewe alikuwa amehama mji, akahama nalo. Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta mwenye kifua kama ngoma, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, nakupenda mpaka basi, lakini kiti hakikai bila mtu. Jumamosi njoo na gitaa. La sivyo nitamkalisha yule binti wa duka la dawa, anayepiga kama anahesabu vidonge."

Basi gitaa likawa limekuja lenyewe. Lakini lilikuja na matatizo mawili, na moja lilikuwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, jina lake la mtaani lilikuwa Dalali. Aliuza simu, viatu na milango iliyotumika, na ilisemekana aliwahi kuuza kiti ambacho mgeni alikuwa bado amekikalia. Alipoliona gitaa alitoa simu, akalipiga picha, akalinganisha na picha za mtandaoni, kisha akaruka juu.

"Shem! Hili ni la mwaka sitini na mbili! Tazama pembe hizi, tazama rangi, tazama hii plastiki! Gitaa limemzidi mama umri!"

"Limenizidi au nimelizidi, mimi usinitaje kwenye orodha ya vitu vya kuuza," mama yake akamwambia.

Lakini macho ya mama mkwe yalikuwa yamewaka. Kabla chai haijapoa Dalali alikuwa ameshamnunulia mama yake mashine ya kudarizi, amejinunulia pikipiki, na amemkumbuka kaka yake kwa friji. Alikuwa amekata kanzu na hata mimba haijaingia. Mume wa Mama Bosi, fundi baiskeli mpole ambaye hupenda kuzungusha jambo kama gurudumu kabla ya kusema limepinda, alisema tu, "Kwanza tujue ni nini."

Rundo lilinunuliwa kwa fedha ya biashara, nusu ya Mama Bosi na nusu ya mama mkwe, na nusu ya gitaa haipigwi.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba gitaa zima nalo halikupigika. Shingo ilikuwa imejikunja kama upinde, nyuzi zimesimama juu sana, na kuzikandamiza mpaka chini kulitaka vidole vya mkamua ng'ombe. Fundi redio wa pale mtaani alilipima, akasema umeme wake mzima kabisa, ila shingo haina dawa. "Dada, magitaa ninayoyajua mimi yana skrubu hapa kichwani, unakaza, shingo inanyooka. Hili halina. Tundika ukutani, ni pambo zuri."

"Umesikia?" Dalali alisema. "Pambo la sitini na mbili! Matajiri wanataka mapambo!"

Mama Bosi aliamua kulitafiti mwenyewe. Mwalimu mmoja wa masomo ya jioni aliwahi kumwambia kwamba ukitaka kukijua kitu, anza na mgongo wake, kwa sababu usoni kila kitu kimejipaka poda. Kwa hiyo, Bosi alipolala mchana, alilipindua gitaa juu ya meza ya kukatia. Nyuma ya shingo, karibu na pale inapoungana na mwili, palikuwa na karatasi ya hoteli iliyobandikwa, ile ya kuonyesha kwamba mali ni yao. Aliipaka mafuta ya kupikia kwa pamba, akasubiri, akaisugua taratibu kama anavyomsugua mtoto ukurutu kichwani. Ilipotoka, chini yake palikuwa na herufi moja, tarakimu kadhaa, na maneno madogo: limetengenezwa Japani.

Alimwonyesha shemeji, na shemeji hakutikisika hata kidogo.

"Shingo ilibadilishwa! Jambo la kawaida. Shingo ya Japani, mwili wa sitini na mbili. Mwili ndio mali, shem. Hata kwa binadamu."

Basi Mama Bosi akaingia kwenye kundi la mtandaoni la wapiga gitaa, akatuma picha na ile namba. Kwanza alipata vichekesho, kisha mtu akamwomba namba ya simu, kisha wawili wakagombana kuhusu jambo jingine kabisa. Mwishowe akajitokeza mmoja aliyesema kazi yake ni kutengeneza magitaa. Akamweleza kwamba miaka ya themanini kampuni kubwa iliyotengeneza yale ya sitini na mbili iliamua kuyatoa upya magitaa yake ya zamani, na kazi hiyo ikafanyikia pia Japani. Mafundi wa kule walinakili kila kitu. Pembe, rangi, hata plastiki mpya walizipa rangi ya kuzeeka. "Walinakili mpaka usumbufu wake," aliandika. "Fungua shingo utazame mihuri. Ukiona mwili na shingo vimepigwa mhuri wa wakati mmoja, mjadala umekwisha."

Chini ya ujumbe huo palikuwa na mwingine, mfupi. Mama Bosi aliusoma mara mbili, akaizima simu, akaiweka kifudifudi.

Jumapili mchana familia ilizunguka meza ya kukatia kama madaktari. Mume alilegeza nyuzi, kisha akafungua skrubu nne za bamba la nyuma kwa utulivu wa mtu aliyefungua pedali maelfu. Aliziweka mstari mmoja kwenye kitambaa. Alipogeuka kuzitazama, zilikuwa tatu.

"Bosi!" wakapiga kelele wote.

Bosi, aliyekuwa amepakatwa na bibi yake, aliwatazama kwa heshima zote. Mama yake alimfungua mdomo: hamna. Akamfungua ngumi ya kulia: uzi mwekundu. Ya kushoto ilifungwa kama benki siku ya sikukuu, na ilibidi atekenywe kwapani mpaka acheke ndipo skrubu ikadondoka.

"Huyu ni damu yangu," Dalali alisema kwa fahari. "Angeiuza."

Shingo ilitoka kwa mlio mdogo, kama kizibo. Wote waliinama. Mwisho wa shingo kulikuwa na mhuri, na ndani ya shimo la mwili ilimokuwa imekaa kulikuwa na mhuri mwingine. Yote miwili ilisema mwaka uleule wa miaka ya themanini, mwezi uleule.

Dalali alivua kofia. "Kwa hiyo ni feki."

"Si feki," Mama Bosi alisema. "Kampuni yenyewe ndiyo iliyotaka litengenezwe hivi, kama la zamani."

"Kama nikikata gauni kwa patani ya mama yangu," mama mkwe alisema polepole. "Kitambaa kipya, mshono wa zamani. Hiyo nayo ni kazi."

"Ni kazi, mama, lakini siyo pikipiki." Dalali alishusha pumzi ndefu kama tairi. "Haya, shem. Lako hilo. Mchezeshee mtoto."

Hapo Mama Bosi alikuwa ameshinda. Angeweza kusema asante, akachukua shingo yake na mwili wake. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa anamfuta Bosi mate kwa upindo wa kanga, mwanamke ambaye hajawahi kumpunja hata kifungo kimoja cha biashara yao.

"Kuna ujumbe sikuusoma kwa sauti," alisema, akageuza simu. "Yule fundi anasema, kama ni la Japani la miaka ile, msilitupe. Watu wanayatafuta sana siku hizi. Si kama lile la sitini na mbili, lakini wanayatafuta."

Kofia ya Dalali ilirudi kichwani. "Nilisema! Nilisema mimi!"

"Nyamaza," mama yake alimwambia, bila kumtazama. Alikuwa anamtazama mkwe wake. "Kwa nini umesema?"

"Nusu yako, mama."

Mama mkwe akamhamishia Bosi paja la pili. Na ndipo Mama Bosi, akitafuta pa kuyaficha macho yake, akayaangusha kwenye ile shingo iliyolala mezani. Kwenye ncha yake, mahali ambapo muda wote palikuwa pamezikwa ndani ya mwili, aliona kitu kinang'aa. Kichwa cha skrubu, chenye alama ya msalaba.

Walinakili mpaka usumbufu wake.

"Bisibisi!" alisema. "Nipe bisibisi! Skrubu ya kunyoosha ipo! Zamani waliiweka huku chini, na hawa wakaiweka hukohuko!"

Mumewe alishika shingo, yeye akakaza, kidogo sana, kama anavyokaza uzi wa cherehani. Waliirudisha, wakafunga, wakavuta nyuzi. Bado zilikuwa juu. Wakafungua tena, wakakaza tena. Mara ya tatu alipoweka vidole, nyuzi zilishuka chini yake laini kama hariri.

Akapiga. Bila umeme gitaa lile lilikuwa na sauti ndogo, ya ndani, lakini alipiga ule mwondoko wa gitaa la pili, unaozunguka na kurudi, unaomwachia mwingine asifiwe. Bosi alianza kurusha miguu. Mumewe aligonga meza kwa bisibisi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu, kama anasikiliza mteja anayelalamikia pazia.

"Mimi," alisema, "nusu yangu naiuza."

Mkono wa Mama Bosi ukafa juu ya nyuzi.

"Nakuuzia wewe. Mapazia yote marefu, pindo zote za chini, utapinda wewe mpaka huyu aanze shule. Mgongo wangu umechoka kuinama. Tumeelewana?"

"Mama..."

"Sijaomba machozi, nimeomba pindo."

"Na dalali?" Dalali aliuliza kwa sauti ya yatima. "Kila mauzo yana dalali wake."

"Dalali atabeba mapazia kwa wateja. Kichwani."

Mama Bosi alicheka huku anajifuta macho kwa kipande cha pazia la kijani. Kisha akaegemeza simu kwenye cherehani, akapiga ule mwondoko tena, akamrekodia kiongozi wa bendi bila kusema neno. Jibu lilikuja Bosi akiwa ananyonya. Tarumbeta fupi kwanza, halafu sauti: "Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka! Yule binti nimeshamwambia abaki na vidonge vyake. Jumamosi usichelewe. Na uje na waya wako wa gitaa, wa kule ukumbini unakatakata."

Mama Bosi akatazama gitaa, akatazama ukuta, akamtazama mumewe. Waya hawakuwa nao.

Dalali alikuwa ameshasimama, anavaa viatu.

"Shem," alisema, "kuna mtu namjua."